Falka, Ngama na Nguruzi: Istilahi za Kayaki ya Uvuvi

1. Utangulizi

Mijadala ya istilahi aghalabu huelekezwa kwenye elimu zenye heshima kubwa, kama vile udaktari, sheria na uchumi. Maneno ya vyombo vidogo na ya kazi za mikono huachwa yajitafutie njia yenyewe. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kazi moja ya fundi, nayo ni kukata tundu katika sitaha ya kayaki ya uvuvi na kulitia fremu na kifuniko, ili mvuvi apate mahali pa kuhifadhi vitu vyake. Kazi yenyewe ni ya saa chache. Lakini maelezo yake yakifasiriwa vibaya yaweza kumzamisha mtu.

Hoja yetu ni hii: kazi hiyo haiwezi kuelezwa kwa usalama ikiwa mfasiri anatumia neno moja kwa vitu viwili. Yapasa awe na neno la tundu, neno la nafasi iliyo chini ya tundu, neno la chumba kilichotengwa, na maneno mawili tofauti ya njia mbili za kutolea maji. Maneno hayo hayahitaji kutungwa upya yote. Mengi yao mabaharia wa pwani yetu wanayo tangu enzi za majahazi. Kilichobaki ni kuyawekea mipaka.

Tunawaandikia wafasiri wanaopewa vijitabu vya maelezo ya vyombo, walimu wa ufundi, na watumishi wa serikali wanaoandika masharti ya usalama majini. Kayaki si chombo cha asili ya kwetu, ila si kigeni tena katika fukwe za watalii, na kila chombo kinachoingia nchini huja na maneno yake.

2. Chombo chenyewe

Kayaki ni chombo cha Wainuiti na jamaa zao wa nchi za baridi za kaskazini, kuanzia Greenland hadi Alaska. Jina lake limetokana na neno lao qajaq. Waliunda kiunzi kwa miti iliyoletwa ufukoni na mawimbi, au kwa mifupa, wakakivika ngozi za sili zilizoshonwa. Sitaha ilifunika chombo chote isipokuwa tundu moja la kukalia mwindaji, naye alilifunga kwa vazi la ngozi lililobana ukingo wa tundu hilo. Silaha zake alizipanga juu ya sitaha, chini ya kanda za ngozi, mkono uweze kuzifikia upesi.

Kayaki ya uvuvi ya siku hizi ina umbo jingine. Katika miaka ya 1970 huko California ilianza kuundwa kayaki ambayo mtu hukaa juu yake, si ndani yake. Nyingi za aina hiyo sasa hufanywa kwa plastiki ya polithini iliyoyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa, hata sitaha na tako la chombo vikawa kitu kimoja kisicho na kiungo. Ndani yake mna uwazi mtupu uliojaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokieleza chombo pamoja na mizigo yake.

Hapa pana tofauti kubwa na mtumbwi wetu, nayo ndiyo sababu ya kutopendekeza kayaki iitwe mtumbwi. Mtumbwi ni gogo lililochongwa, nao uko wazi. Maji yakiingia, mvuvi huyaona miguuni pake, akashika upo akayakumba. Katika kayaki ya kukalia juu, maji yakiingia hayaonekani. Hukusanyika chini ya sitaha, na mvuvi hutambua tu kwamba chombo kimekuwa kizito na kinayumba. Mfasiri anayeandika “mtumbwi” humwachia msomaji mazoea ya mtumbwi, nayo katika chombo hiki hayafai. Kwa hiyo twaona ni bora neno kayaki likubaliwe, katika ngeli ya i-/zi-, kama yalivyokubaliwa meli na motaboti.

3. Falka na ngama

Katika utaratibu wa kuunda istilahi uliozoeleka nchini, hutazamwa kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu na nyingine za Afrika, ndipo zikaja lugha za kigeni. Tukifuata utaratibu huo, jahazi latupa maneno matatu ya kuanzia: falka, ngama na feuli.

Neno falka limetumika kwa maana mbili. Wako wanaoliita falka lile tundu la sitahani linalopitishiwa shehena, na wako wanaoita falka mahali penyewe shehena inapokaa. Katika jahazi mchanganyiko huo hauleti madhara, kwa kuwa nahodha na mabaharia wake wanakijua chombo chao. Katika kijitabu cha maelezo mambo ni mengine. Sentensi isemayo “falka isiingie maji” yaweza kufahamika kwamba kifuniko kizuie maji, au kwamba mahali pa kuwekea vitu pamejitenga na sehemu nyingine. Hayo ni madai mawili, na la pili katika kayaki nyingi si kweli.

Twapendekeza falka ibaki na maana moja tu: tundu la sitahani pamoja na fremu na kifuniko chake. Nafasi iliyo chini yake tuiite ngama. Neno ngama linafaa mno, maana kwa mabaharia ni pale chini ndani ya chombo ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Wahenga walisema: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika kayaki methali hiyo ina ukweli wa kufundisha fizikia. Ngama ya kayaki nyingi za aina hii ni moja, kutoka omo hadi tezi, bila kizuizi. Mvuvi akitia falka tatu, moja mbele, moja katikati na moja nyuma, hakupata vyumba vitatu. Amepata milango mitatu ya chumba kimoja. Maji yatakayoingia kwa falka ya omo yatafika tezini.

Maji hayo yana uzito na yana mwendo. Lita 40 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 41 hivi. Zingekuwa mzigo uliofungwa, chombo kingezama kidogo tu na kutulia. Kwa kuwa ni maji yaliyo huru, chombo kikiinama kulia nayo hukimbilia kulia, yakazidisha mwinamo ule ule ambao mvuvi anajitahidi kuurudisha. Ndiyo sababu kayaki huweza kupinduka kabla haijajaa.

Dawa ya jambo hilo ni ukuta wa ndani unaoikata ngama. Ukuta huo twapendekeza uitwe kiambaza, neno linalojulikana kwa ukuta wa kugawa nyumba. Sehemu iliyotengwa kabisa kwa kiambaza, ikawa na falka yake peke yake, iitwe feuli. Kwa asili feuli ni mahali pa kuwekea mizigo upande wa tezi. Twaweza kulipanua neno tukasema feuli ya tezi na feuli ya omo. Basi kanuni iwe hivi: pasipo na kiambaza hapana feuli. Mfasiri asiandike “feuli” wala “stoo” kwa sababu tu ameona kifuniko juu ya sitaha.

Kuna na namna ya tatu. Falka nyingine huwa na kikopo au mfuko uliofungwa chini ya fremu, wa kuwekea simu, funguo au ndoana. Kitu kilichomo hakigusani na ngama. Hicho twapendekeza kiitwe bweta, kwa kuwa bweta ni kisanduku kidogo. Hata hivyo msomaji aambiwe wazi kwamba bweta halizuii maji ya ngamani yasienee. Linakinga vilivyomo ndani yake tu.

4. Nguruzi na mlizamu

Hatari kubwa kuliko zote imo katika maneno “tundu la kutolea maji”. Kayaki ya uvuvi ina matundu ya aina mbili yanayoweza kuitwa hivyo, na kazi zake hazifanani hata kidogo.

Aina ya kwanza ni mabomba mafupi yanayotoka juu ya sitaha, yakapita katikati ya chombo, yakatokea chini yake. Maji ya mawimbi yanayomwagika sitahani hushuka kwa mabomba hayo na kurudi baharini. Kuta za bomba ni sehemu ya chombo chenyewe, kwa hiyo maji hayo hayaingii ngamani. Wapo wavuvi wanaoyaziba ili miguu isilowe, maana chombo kikilemewa maji hupanda kwa njia hiyo hiyo. Vizibo vyake vyaweza kuondolewa wakati wowote, hata katikati ya bahari, bila ya hatari.

Aina ya pili ni tundu dogo, aghalabu moja, linaloingia moja kwa moja ngamani. Huwekwa karibu na omo au tezi. Kazi yake ni kutoa maji yaliyovuja ndani, chombo kikiwa kimeinuliwa nchi kavu. Mtu akilifungua majini, nalo likawa chini ya maji kwa sababu ya uzito wa mizigo, hatoi maji bali anayaingiza. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, tundu lenye upana wa sentimita 2, lililo sentimita 10 chini ya uso wa maji, laweza kupitisha takriban lita 15 kwa dakika moja. Zile lita 40 tulizozitaja zitakuwa ngamani kabla ya dakika 3 kwisha.

Sasa mfasiri ambaye ameyaita matundu yote “ya kutolea maji” amemwandalia msomaji maafa. Mvuvi anayehisi chombo kizito atakumbuka kwamba kipo kizibo cha kutolea maji, naye atakivuta.

Kwa aina ya pili hatuna haja ya kutafuta mbali. Mabaharia wana neno nguruzi, yaani kizibo cha tundu la chini ya chombo linalofunguliwa chombo kikiwa kimepandishwa pwani ili maji yatoke. Maana hiyo ndiyo tunayoitaka, pamoja na sharti lake la nchi kavu. Kizibo kiitwe nguruzi, na tundu lenyewe liitwe tundu la nguruzi.

Kwa aina ya kwanza twapendekeza mlizamu, wingi wake milizamu. Mlizamu ni njia inayotoa maji ya mvua juu ya dari ya nyumba yasituame. Sitaha ya kayaki ni kama dari hiyo: hupokea maji, nayo yapasa yashuke nje bila ya kupita chumbani.

5. Kazi ya fundi na maneno yake

Maneno makuu yakiisha kuwekwa, twaweza kuifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua na kuona mahali ambapo tafsiri hukosea.

Kwanza ni kuchagua mahali. Fundi hutafuta sehemu ya sitaha iliyo bapa, isiyo karibu na mlizamu, na ambayo mvuvi aliyekaa ataifikia bila kujipinda. Falka ya duara, yenye upana wa sentimita 15 hadi 20, hutosha kupitisha mkono na vitu vidogo. Anayetaka kuingiza mishi ya kuvulia hutia falka ndefu ya mraba. Kadiri tundu linavyokuwa kubwa ndivyo sitaha inavyodhoofika, na ndivyo kifuniko kinavyokuwa kigumu kuzuia maji.

Pili ni kuchora mstari wa kukata. Fremu ya falka ina sehemu mbili: ile inayolala juu ya sitaha, na ile inayoshuka ndani ya tundu. Maelezo mengi yaliyofasiriwa husema tu “chora ukingo wa fremu, kisha kata”. Ukingo upi? Fundi akifuata ukingo wa nje, tundu litakuwa pana kuliko fremu, nayo haitakuwa na pa kushikia. Plastiki iliyokwisha kukatwa hairudi. Twapendekeza sehemu inayolala iitwe bapa la fremu, na inayoshuka iitwe shingo ya fremu. Agizo sahihi litakuwa: “Kata kwa kufuata shingo, si bapa.”

Tatu ni kukata. Fundi hutoboa tundu la kuanzia kwa keekee, akapitisha msumeno mwembamba, akakata polepole, kwa sababu msumeno wa umeme ukienda kasi huyeyusha plastiki ikashikana nyuma yake. Kisha husugua kingo kwa msasa. Maneno hapa hayana tatizo. Mafundi wanayo yote.

Nne ni kuziba na kufunga, na hapa ndipo penye kosa jingine la hatari. Baina ya bapa la fremu na sitaha hutiwa kitu laini cha kuzuia maji. Wafasiri wengi watakiita gundi. Lakini polithini hukataa gundi; sehemu kubwa ya gundi za kawaida hubanduka juu yake kama utando. Kinachoshikilia fremu ni ribiti, au bolti na nati za chuma kisichoshika kutu. Kile kitu laini kazi yake ni kujaza nafasi kikiwa kimebanwa. Msomaji akiambiwa “gundi” ataamini kwamba ndiyo inayoshika, naye huenda akapunguza ribiti. Twapendekeza kitu hicho kiitwe kalafati. Fundi wa mashua hutia kalafati ya pamba iliyolowa mafuta baina ya mbao. Hakuna anayedhani kwamba pamba ndiyo inayoshikanisha mbao hizo, maana misumari anaiona. Neno kalafati linakuja na maarifa hayo tayari.

Mpira unaokaa baina ya fremu na kifuniko ni kitu kingine tena, kwa kuwa hufunguka na kufungwa kila siku. Mafundi wa magari husema gasketi kwa ulio bapa na oringi kwa ulio mviringo kama pete. Maneno hayo yamekwisha kuenea katika karakana, nasi hatuoni faida ya kuyaondoa.

Tano ni kujaribu. Kayaki ikiwa nchi kavu, humwagiwa maji mengi juu ya falka iliyofungwa, kisha ngama hutazamwa kwa taa. Matokeo ya jaribio hilo yahitaji maneno mawili. Falka inayostahimili kufunikwa na maji iitwe falka ya kuziba kabisa. Ile inayokinga matone ya mawimbi tu iitwe falka ya rasharasha. Kuziita zote “zisizopitisha maji” ni kuahidi jambo ambalo falka ya rasharasha haliwezi.

6. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Bapa la fremu: sehemu ya fremu ya falka inayolala juu ya sitaha na kupigwa ribiti.
Bweta: kikopo au mfuko uliofungwa chini ya falka, usiogusana na ngama.
Falka: tundu la sitahani pamoja na fremu na kifuniko chake.
Feuli: sehemu ya ngama iliyotengwa kabisa kwa kiambaza.
Kalafati: kitu laini kinachobanwa baina ya sehemu mbili zisizofunguliwa ili kuzuia maji.
Kiambaza: ukuta wa ndani unaoikata ngama usipitishe maji.
Mlizamu: bomba linalotoa maji ya sitahani moja kwa moja baharini.
Ngama: uwazi wote wa ndani ya chombo, chini ya sitaha.
Nguruzi: kizibo cha tundu linaloingia ngamani, kinachofunguliwa nchi kavu tu.
Shingo ya fremu: sehemu ya fremu inayoshuka ndani ya tundu.

7. Mfano wa tafsiri

Tuseme mfasiri ameandika hivi: “Weka mizigo katika stoo ya mbele na ya nyuma, kisha ufunge milango isiyopitisha maji. Maji yakizidi, ondoa vizibo vya kutolea maji.” Kisarufi maneno haya hayana kasoro. Hata hivyo yamesema kwamba kuna vyumba viwili, na kwamba milango ni salama, wala hakuna lililothibitishwa. Kisha yametoa ruhusa ya kufungua nguruzi baharini.

Kwa istilahi tulizozipendekeza, maelezo yale yale yatakuwa hivi: “Vitu vizito viwekwe ngamani, katikati ya chombo, vifungwe visihame. Vifuniko vya falka vifungwe kabla ya kushuka majini, wala visifunguliwe penye mawimbi. Maji ya sitahani yatatoka yenyewe kwa milizamu; vizibo vya milizamu vyaweza kuondolewa chombo kikiwa majini. Nguruzi isifunguliwe mpaka chombo kiwe nchi kavu. Chombo hiki hakina kiambaza: kikihisiwa kuwa kizito, rudi pwani mara moja.”

Tafsiri ya pili ni ndefu zaidi, lakini kila sentensi yake ina maana moja.

8. Hitimisho

Hatudai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Huenda mabaharia wa Lamu, Pemba, Mafia au Kilwa wana neno bora kuliko mlizamu, na huenda wako wanaotumia nguruzi kwa maana ya tundu na si ya kizibo. Walimu na watumishi wanaofanya kazi katika sehemu za pwani wana nafasi nzuri ya kuuliza na kuandika wanayoyasikia, kabla wazee wa majahazi hawajaondoka nayo. Twawaomba wafanye hivyo, na maoni yao yajadiliwe katika kurasa hizi.

Jambo tunalolisisitiza ni kanuni yenyewe. Mfasiri akikutana na kitu kigeni, asiulize tu kinafanana na nini. Aulize kinafanya kazi gani, na mtu akikikosea atapatwa na nini. Matundu mawili yanayofanana kwa macho yaweza kuwa moja la kuokoa na moja la kuzamisha. Lugha iliyokwisha kuyapa majina tofauti imemfanyia mvuvi sehemu ya kazi ya usalama wake kabla hajaondoka pwani.